Mwisho wa Wimbo wa Babu

Kama hutaki kuamini, usiamini. Sikusimuliwa na mtu, nilikuwepo mwenyewe na masikio yangu mazima.

Tulikuwa na bendi hapa Korogwe, watatu tu: mimi kwenye ngoma, binamu yangu Pili kwenye besi, na Rama, gitaa na sauti. Tulipiga roki nzito ya kupasua spika. Watu walitucheka, eti kelele za Wazungu. Wazungu wapi! Mzizi wake ulikuwa babu yake Rama, manamba aliyekuja kukata mkonge, akawa anapiga gitaa la huzuni kambini kila akitoka kazini. Mkono wake wa kushoto ulibaki na vidole viwili na gumba, vingine viwili vilikwenda na mashine.

Wimbo wake mmoja ndio uliotuunda. Tatizo, alifariki kabla hajamfundisha Rama mwisho wake. Kila tulipoupiga uliishia katikati, na Rama alinuna siku nzima. Alikuwa anautaka huo mwisho kuliko kitu chochote.

Jioni moja tulifanya mazoezi kwenye korona ya zamani, lile banda la kuchunia mkonge lililoachwa. Kesho yake tulikuwa na onyesho Handeni. Wimbo ukakwama palepale. Rama akapiga teke spika, akapaza sauti kwa utani, si unajua mambo ya mjukuu na babu: "We babu mchoyo! Umekufa na utamu wote!"

Jenereta likazimika.

Niamini, tukasikia mtu anakohoa nyuma ya mashine kuukuu ya mkonge. Akatoka mzee, kaptula ya kaki, kifua wazi, miguu imechanjwa na miiba ya mkonge.

"Shikamoo mzee," Pili akasema. Mzee akamtazama Rama tu.

"Mjukuu gani huyu anapiga gitaa kama anafyeka magugu? Hebu lete."

Akalishika kwa vidole viwili na gumba. Jenereta kimya, nakwambia, na spika zikaunguruma! Mabati yakatetemeka, vumbi likatushukia vichwani. Ulikuwa wimbo wetu, ukapita pale tunapokwama, ukaendelea, ukashuka taratibu mpaka mwisho. Unadhani nilikimbia? Nililia. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile.

Tulipojifuta macho, mzee hayupo, na gitaa liko mikononi mwa Rama.

Handeni aliupiga wote, watu wakasahau hata kushangilia. Alipomaliza, vidole vyake viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vikajikunja, na havijakunjuka mpaka leo. Hospitali hawakuona tatizo. Nyimbo nyingine zote zikamshinda, bendi yetu ikafa ikiwa bado changa.

Nilimuuliza kama anajuta. Akacheka.

"Babu kanipa vyote, wimbo na mkono."

Basi wewe unayemtania marehemu wako, mtanie, ila usimdai kitu. Anaweza kukupa. Mimi ndani ya ile korona siingii tena. Lakini jioni nikipita njia ile, nazima pikipiki, nasikiliza.