Mtoto wa Mikono Mitupu

Ujumbe ulinifikia nikiwa juu ya pikipiki, karibu na Gisimenti, hapa Kigali: mwalimu wa ngoma ya Kihindi ameaga dunia. Nikamwambia dereva asimame, nikashuka, kisha sikujua nimeshukia nini. Tangu hapo sijatulia, wasomaji wangu. Nakaa, nasimama, chai inapoa.

Mama huyu alifundisha katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa la mumewe, nami nilikuwa mtazamaji wa kudumu. Mwanafunzi wake hodari ni fundi cherehani wa Kagarama, aliyefiwa na mtoto wake wa pekee. Katika onyesho moja alipewa kucheza mama anayemwogesha na kumlaza mwanawe. Mtoto hayupo; ipo mikono, macho na shingo tu. Alipofika kwenye kumlaza, kilio kikamshinda. Nasi tukashika adabu yetu ya Kigali: mtu mzima akilia, unainama, unatazama viatu vyako. Baadaye nilimlaumu mwalimu kwa kumpa mchezo ule. Akanieleza kwamba kwao mchezaji huipika hisia, na mtazamaji ndiye huionja. Kisha akamgeukia fundi. "Dada, wewe ulilia, watu wote wakaangalia chini. Mtoto wako hakuna mtu alimuona. Machozi iko ya sisi wenye kukaa. Wewe, kazi yako ni kumuonyesha." Nilikasirika. Niliuona ukatili mtupu, na hadi juzi sikuwa nimebadili mawazo.

Juzi, matangani, katika chumba kilekile, fundi alivua viatu, akaomba nafasi, akacheza mchezo uleule. Macho makavu. Akamwogesha mwanawe, akamfuta masikio polepole, akamlaza, na hakuna aliyeinama. Mume wa marehemu alilia kwa sauti. Mimi nililia hadi nikaona haya. Alipomaliza alinijia akihema. "Muzee, leo umemuona?"

"Nimemuona, dada. Iko na masikio madogo."

Ndipo naye akalia.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunasema, na tukishasema hivyo tunamwachia mzazi uchungu wake. Mji huu umejaa watu waliomeza vilio, na siku hizi hatukosi wa kuwaambia walie watapona. Labda. Lakini aliyefiwa haombi kwetu ruhusa ya kulia. Anataka tumwone aliyeondoka, nasi tunatazama viatu.