Fundi kashindwa mlango wenye vanishi, akamgeuza mama yangu mchawi

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili jambo limenikaa kifuani muda sasa, naona nisipolitoa hapa litanipasua. Sijasimuliwa na mtu wala sijaongeza chumvi. Ni nyumbani kwetu, ni mama yangu mzazi.

Kwetu ni Makwale, Kyela. Mama ni mjane, anaishi peke yake. Ana mpunga kidogo, kakao kidogo, na michikichi nyuma ya nyumba, mawese anakamua mwenyewe. Mimi Lugano, mwanawe wa kwanza, niko Mbeya, kwenye karakana ya fenicha. Kazi yangu ni umaliziaji: msasa, vanishi, rangi. Kwa hiyo ninachoeleza hapa nakijua.

Mlango wetu wa mbele ni wa mninga. Marehemu baba aliuchongesha na ukapigwa vanishi.

Sasa kwetu kuna tabia moja. Jumamosi ukimaliza kufagia uwanja unachukua kitambaa, unachovya kwenye mawese, unafuta mlango mpaka ung'ae. Upande wa nje tu, ule wanaouona wageni. Nimeufuta huo mlango utoto wangu wote. Pita Makwale leo, pita Ipyana, utakuta milango inawaka ukadhani imepigwa vanishi jana.

Basi, zamu ya jumuiya kusali kwa mama ikawa inakaribia. Hao ni akina mama majirani, wanazunguka nyumba hadi nyumba, wanasali, wanakula, wanaagana. Mama akataka nyumba ipendeze. Vanishi ilishachoka, akasema anataka mlango wa kijani.

Nikatuma rangi ya mafuta, tena ile nzuri, na msasa, na praima, ile inayotangulia chini ya rangi. Nikampigia fundi aliyempata pale kijijini. Jina lake ninalo, ila humu nitamwita Fundi. Nikamwelekeza: osha mlango kwanza utoke mafuta, ndipo upige msasa, ndipo praima, rangi mwisho.

Akanijibu, "Bosi, mimi hii kazi nimezaliwa nayo."

Kumbe hakuosha. Msasa hakuugusa. Praima sijui aliipeleka wapi. Alifungua kopo akapaka moja kwa moja juu ya vanishi, na juu ya mawese ya miaka yote ile!

Mliowahi kushika brashi mnajua kilichofuata. Rangi ikakimbiana, ikaacha matundumatundu, kwingine ikajikunja. Ukigusa inakuja na kidole. Siku zinapita, bado inanata. Akaongeza mkono wa pili juu ya uchafu uleule, ikawa uji kabisa.

Upande wa ndani aliopaka siku hiyohiyo ukatulia. Si kwamba alifanya kazi nzuri, maana ukikwangua kwa ukucha ilikuwa inabanduka. Ila ndani haujawahi kufutwa mawese, kwa hiyo kwa macho ulionekana safi.

Mtu mwenye haya angesema nimekosea. Huyu akaenda kukaa gengeni, watu wamejaa, akatangaza: "Mimi nimepaka nyumba Kyela nzima. Ile nyumba ya Mama Lugano inakataa rangi. Nje inakataa, ndani inakubali. Jiulizeni wenyewe mle ndani kuna nini."

Jamani.

Mwanamke mzee, mjane, anaishi peke yake, halafu unatamka neno kama hilo hadharani. Sote tunajua linaelekea wapi. Kuna wazee nchi hii wamechomewa nyumba kwa maneno madogo kuliko hayo.

Mama hakuniambia kitu. Mimi ndiye nilipiga simu kuuliza jumuiya ilikwendaje. Akasema, "Hawakuja, mwanangu. Wamesali kwa Mama Tumpe."

Mama Tumpe ndiye mwenyekiti wa jumuiya. Ni jirani yetu, amekula kwetu tangu sijazaliwa. Alituma ujumbe asubuhi ile kwamba "wameona mama apumzike kwanza." Wakati huo mama ameshapika wali, na samaki mbasa ameagiza kutoka Itungi ziwani kwa ajili yao. Akajaribu kugawa kwa majirani, kila mtu ameshiba. Chakula kikamwagwa. Mbasa, wakuu! Nani alishawahi kuona mbasa anamwagwa Kyela?

Nilimbana mpaka akanieleza yote. Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikateremka.

Nafika, nasema hodi mlango wa mbele, mama anaitikia kutoka uani. Alikuwa ameacha kuutumia ule mlango. Anaingilia nyuma, kwenye nyumba yake mwenyewe, ili watu wasimwone akiugusa.

Nikaweka kidole kwenye rangi, nikanusa. Mawese matupu. Hasira zilizonipanda siwezi kuziandika humu, mods watanifungia.

Asubuhi nikamfuata Mama Tumpe na wenzake. Fundi naye nikamfuata, akaona aibu kukataa mbele za watu. Nikawaambia njooni mumwone mchawi. Wakaja, wakasimama kulee, karibu na barabara, kama wanaangalia nyoka.

Nikakwangua ile rangi yote kwa skrepa. Ikatoka kirahisi, maana haikuwahi kukauka. Halafu nikamwagia kikombe cha maji kwenye mbao. Maji hayakutandaa, yakajikusanya matonematone yakateleza chini. Hapo ndipo unajua pana mafuta. Nikafuta kwa kitambaa cheupe, nikampelekea Mama Tumpe anuse.

Akasema, "Si mawese haya?"

"Ndiyo, mama. Na mlango wako wewe huwa unaufuta na nini?"

Wote pale milango yao inang'aa mawese! Tofauti yao na mama yangu ni kwamba hawajawahi kumwita Fundi.

Nikaanza kazi wakiona. Maji ya moto na sabuni ya unga, nasugua kwa brashi ngumu, nasuuza, narudia. Nikawa naujaribu kwa maji kila mara, mpaka yakatandaa vizuri. Nikaacha ukauke, nikapitisha kitambaa chenye thina kutoa mafuta yaliyobaki.

Msasa ukafuata. Na hapa wengi mnakosea: ukipiga msasa kabla ya kuosha, unayashindilia mafuta kwenye mikwaruzo. Na huhitaji kufika kwenye mbao. Vanishi ikiwa haijabanduka, unaua mng'ao tu, iwe na mkwaruzo wa kushika rangi. Futa vumbi lote. Praima, uache ikauke kwelikweli, maana unyevu wa Kyela hauna mchezo. Msasa laini kidogo, kisha rangi nyembamba mara mbili, na kila mkono ukauke kabla ya mwingine. Upande wa ndani nao nikaurudia upya.

Siku kadhaa baadaye, ilipokauka, nikawaita tena wote, Fundi akiwemo, nikabandika utepe wa gundi nikauvuta kwa nguvu mbele yao. Haukutoka na rangi hata chembe.

Nikamgeukia Fundi. "Lile neno ulilisema kwa sauti. Lifute kwa sauti."

Anajibu nini? "Kaka, si yameisha? Rangi si imeshika?"

Nilimsogelea, na mama akaniona. "Lugano, mwache." Ndipo yule mtu akaangalia ndala zake akasema, "Yalikuwa mafuta." Hakusema samahani. Akaondoka.

Jumuiya wakaja wiki iliyofuata. Wamesali, wamekula wali wakaongezewa, wanaaga "ndaga fijo, ndaga fijo", yaani asante sana, mlango wanausifia. Hakuna hata mmoja aliyesema pole. Mama Tumpe akanivuta pembeni kuniuliza kama naweza kumpakia na wake.

Walipoondoka, mama alikuwa anakusanya sahani. Akauliza bila kunitazama, "Ulipopiga simu nikakueleza yale. Na wewe uliwaza kama wao?"

"Hapana, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaweka zile sahani chini, akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tumzike baba.

Wakuu, funzo la mbao mmeshalipata: osha, kausha, ndipo msasa. La pili ni kwa mafundi. Kazi ikikushinda sema imekushinda, tutakulaani siku moja, kisha tutasahau. Na wewe mwenye mama anayeishi peke yake kijijini, usitume rangi tu. Nenda.

Nataka maoni yenu. Mama anasema yameisha, nisimpeleke Fundi serikali ya kijiji, yeye mama ndiye atazidi kuchukiwa. Mimi naona hayajaisha. Yule bwana bado anapaka nyumba za watu huko, na siku rangi ikimshinda tena, mle ndani atakuwemo mama wa mtu mwingine.