Mama Mkwe Aliyegeuzwa Bomba la Moshi

Ofisini manispaa walimwita Pembetatu, kwa sababu kutwa nzima aliunganisha pembetatu kwenye kompyuta mpaka zikawa nyumba. Alikuwa anatengeneza ramani ya mji ambayo majengo yake yamesimama, unayazunguka na kuyaona hata mgongoni. Ndege ndogo ilikuwa imepita ikipima kimo cha kila ilichokiona, kisha programu ikakisia yenyewe: hiki ukuta, kile paa. Ilipokosea, Pembetatu alirekebisha kwa mkono.

Nyumba ya wakwe zake tu ndiyo ambayo hakuikagua. Aliona haya, kama vile angekuwa anawachungulia.

Jumatatu moja mkaguzi wa majengo alifungua ramani, akaona juu ya paa bapa la nyumba ile bomba la moshi, nene, mita moja na nusu, halina kibali. Akavaa kofia yake ngumu, huyo!

Saa nne simu ya Pembetatu ikalia.

"Baba," alisema mama mkwe, kwa upole uliomtoa mtu jasho, "kuna bwana yuko juu ya paa langu anatafuta bomba la moshi."

Pembetatu akaifungua nyumba ile kwenye kompyuta, akaliona bomba.

"Shikamoo, Mama. Siku ile ndege ilipopita chini chini, ulikuwa wapi?"

"Si nilikuwa juu naanika mablanketi! Hata niliipungia mkono."

Pembetatu akaikuza picha. "Basi, Mama... bomba ni wewe."

Mchana mama mkwe alitinga ofisini, akavuta kiti ajionee mwenyewe.

"Mbona nimekuwa mnene hivi?"

"Ni blanketi, Mama."

"Haya, toa."

Pembetatu akafuta. Paa likabaki na tundu. Akaliziba kwa pembetatu nne. Mama mkwe akainamia kioo cha kompyuta.

"Sasa mimi niko wapi?"

"Nimekufuta, Mama. Si umesema?"

"Nimesema utoe bomba. Nani kakwambia unitoe mimi?"

Pembetatu akafungua ghala la vitu vya kupambia ramani. Miti ilikuwemo, taa, mabenchi, na binadamu mmoja tu: mwanamume mwenye tai. Akamsimamisha juu ya paa.

"Huyu awe wewe kwa sasa."

Mama mkwe alimkagua juu mpaka chini. "Si haba. Amesimama vizuri."

Ijumaa ramani ikafunguliwa kwa wananchi wote. Jumamosi baba mkwe, mtu asiyepiga simu hata akiugua, alipiga.

"Mwanangu, siulizi kwa ubaya. Huyu kijana mwenye tai anayeshinda juu ya paa langu ni nani?"

Pembetatu alieleza mara tatu, kila mara akizidi kujichanganya. Jumatatu alifika kazini kabla ya mlinzi, akamchora mwanamke aliyevaa gauni, na mwenye tai akahamishiwa kituo cha basi.

Baba mkwe alipoiona picha mpya alipoa kabisa. Akauliza tu kama pale juu pangeweza kutoshea kiti kimoja, naye awe anakaa.