Vidonge Nilivyomgawia Habaryar

Kidonge cha kwanza nilimpa kwa sababu ya sambusa. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, mwaka wangu wa kwanza kufundisha Eldas, na mwenye nyumba wangu alikuwa amefuturu vizuri, akajilaza mkekani, kisha akainuka ghafla ameshika kifua.

"Mwalimu, hapa nawaka moto," alisema.

Mimi mwenyewe nilikuwa na kiungulia tangu chuoni, na mwenye kidonda chake hujiona daktari wa vidonda vyote. Nikaingia chumbani, nikatoka na kopo langu la vidonge vya kuzima asidi ya tumbo.

Nilimwita habaryar, yaani mama mdogo kwa Kisomali, kwa kuwa ndivyo alivyoniamuru. Alikuwa mjane mwenye mbuzi kadhaa, vyumba vitatu vya kupangisha na binti mmoja aliyeolewa Garissa. Mimi ni mwanamke wa bara, Mkristo, niliyefika pale na sanduku moja na woga mwingi, naye akanifanya mtu wa kwake. Uani pale chumvi ilikuwa yetu sote na makaa yetu sote. Kukataa cha mwenzako, au kumnyima chako, kulikuwa tusi. Basi na kopo nalo likawa letu.

Vidonge hivyo niliandikiwa hospitalini kwetu, vya wiki mbili tu. Wiki mbili zikawa miaka sita. Kila nilipotoka likizo nilipitia Garissa, nikaingia duka la dawa, na muuzaji hakuniuliza neno zaidi ya idadi ninayotaka. Nilibeba kopo langu na lake. Nilijiona mwema, tena sana, na wema wa aina hiyo sasa unanitia kichefuchefu.

Kiungulia chake kilinyamaza. Alimsifia kila mgeni dawa ya mwalimu.

Watu wa huko hupenda anjera, chapati zao laini za unga uliochachuka, na chai. Huikatakata sahanini, huimwagia chai ya maziwa na samli, kisha huiacha ilowe kidogo kabla ya kula. Mwaka ule wa kwanza habaryar alisubiri kidogo, kama wote. Mwaka wa pili alisubiri mpaka niwe nimemaliza yangu. Baadaye akawa anaivuruga kwa kijiko hadi iwe uji. Nilimtania kwamba anakula kama mtoto anayeota meno, naye akacheka huku ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Kisha akaanza kunisogezea nyama yake. Kila kipande cha mbuzi kilichoangukia upande wake wa sinia alikisukuma upande wangu kwa kidole. "Kula, mwalimu, wewe mgeni." Nilikula. Mpaka leo nikifumba macho nakiona kidole kile kikisukuma nyama, na mimi nikitafuna bila haya.

Mwisho akabaki na maziwa ya ngamia tu. Wageni walisema mashallah, hakuna chakula kinachoyashinda. Alikonda, lakini mwaka huo mvua ilikuwa imekataa na kila kiumbe kilikonda, watu na mifugo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu anayemfichia mwenzake.

Binti yake alipokuja Idd hakuhitaji kuelezwa. Alimtazama mama yake mlangoni, akaanza kulia kabla ya salamu. Tulimpeleka Garissa sote wawili. Walimpitishia kamera kooni, wakakuta uvimbe umeziba njia ya chakula, mkubwa, wa siku nyingi.

Daktari aliuliza kama mgonjwa aliwahi kuwa na kiungulia. Binti akajibu kilikuwepo lakini kiliisha zamani. Kiliishaje? Wote wawili wakanigeukia, nami nikasema.

Daktari hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Alisema dawa ile si mbaya, imeokoa matumbo mengi, lakini hupewa mtu aliyepimwa, kwa muda unaojulikana. Mtu wa umri ule akianza kukwamwa na chakula, hawazimi moto tu. Wanatafuta unapowakia. Kisha akaniuliza nimeimeza mimi kwa muda gani, na kama nina ganzi miguuni. Ganzi nilikuwa nayo, nikidhani ni viatu. Damu yangu ilipopimwa ikakutwa na upungufu wa vitamini ambayo tumbo hushindwa kuichukua vizuri likikaa miaka bila asidi yake. Mifupa nayo, alisema, huweza kudhoofika.

Nilimuuliza kama ni mimi niliyemponza. Alivua miwani, akasema hakuna anayeweza kujua. Maneno hayo matatu yalinifuata Eldas, yakahamia chumbani mwangu, na hayalipi kodi.

Habaryar alifariki kabla ya mvua.

Vidonge niliviacha pole pole, kama nilivyoelekezwa, na moto ulirudi kwa majuma kadhaa kwa hasira ya kitu kilichofungiwa. Nikajifunza kuishi nao. Chakula cha jioni nala jua lingalipo, tena kidogo. Chai kikombe kimoja cha asubuhi, badala ya vile vitano vya zamani. Samli na vya kukaanga nimevipunguza. Miguu ya kitanda upande wa kichwa nimeiinua kwa matofali. Nikishakula silali kabla ya saa tatu kupita. Moto ulipungua, na wiki nyingine siusikii kabisa.

Lakini saa hizo tatu ndizo ngumu. Nakaa wima kwenye kigoda uani, mikono mapajani, na hapo ndipo anaponijia. Kwetu hatuamini mizimu, na mimi ni mzee wa kanisa mtarajiwa. Hata hivyo nasikia kijiko kikivuruga sahani, taratibu, upande wa jiko lake ambalo halijawashwa tangu azikwe. Sigeuki. Naogopa nikigeuka nitamkuta, na naogopa zaidi nisimkute.

Muhula uliopita binti alikuja kuangalia nyumba. Tuliketi uani, akanywa chai, akajisugua kifua.

"Mwalimu, ile dawa ya mama iko? Kifua yangu nasumbua. Wewe ulimtuliza sana."

Nikamwambia sina, na hata ningekuwa nayo nisingempa. Nikamwambia aende akapimwe juma hilo hilo, nami nitamsindikiza. Kisha nikamweleza yote ambayo hospitalini sikuyasema: anjera iliyogeuka uji, mizaha yangu, vipande vya nyama nilivyokula. Nilimwambia nilikuwa nikiona, kila siku, kwenye sinia moja. Nililia. Yeye hakulia. Alinishika mkono kama mtu anayemfariji mfiwa.

"Mwalimu, usijilaumu. Ni qadar ya Allah," alisema. "Ule mwaka ya kwanza ya kiungulia mimi nilituma gari Eldas imlete Garissa, abimwe. Alirudisha gari bila mtu. Alisema ya nini hosbitali, yeye iko na mwalimu."