Tamasha la Walio Hai

Baada ya kuugua kwa muda mrefu, Mwalimu alikata roho alfajiri ya siku ileile ambayo utunzi wake ulikuwa upigwe na okestra kwa mara ya kwanza. Mkewe, fundi cherehani, alimfumba macho, akamfunga kidevu kwa kipande cha kitambaa cheupe, kisha akampigia simu mdogo wa marehemu.

"Shemeji, njoo. Njoo peke yako."

Shemeji alifika akihema. Alipomwona kaka yake alishika ukingo wa kitanda.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Wewe tu. Na nakuomba iwe hivyo mpaka usiku."

Ombi hilo lilikuwa na sababu. Mfuko ulioandaa tamasha ulikuwa unatimiza miaka ishirini na tano ya kuwasaidia watunzi wa muziki wa okestra wa zama zetu. Waanzilishi wake walichoshwa na kumbi zilizopiga kazi za watunzi waliokwisha kufa tu, wakaweka sharti: kwenye matamasha ya Mfuko hupigwa kazi za walio hai tu, nazo hurekodiwa na kutangazwa redioni moja kwa moja. Mtunzi akifa kabla, kazi yake huondolewa. Bibi mmoja mtunzi alifariki wiki moja kabla ya tamasha, na karatasi zake za muziki zikakusanywa katikati ya mazoezi. Mwalimu ndiye aliyemsimulia mkewe kisa hicho, akacheka na kusema, "Mimi nitajikaza."

Mchana alifundisha hesabu shule ya sekondari. Jioni alitunga muziki kwenye ncha ya meza ambayo mkewe alikatia vitambaa, akiimba noti kwa mdomo, sauti moja moja, huku pini zikianguka juu ya karatasi zake. Walimu wenzake walimtania.

"Mwalimu, muziki wako tutaucheza harusini lini?"

"Siku utakayopata mtu wa kukubali kuolewa nawe."

Hawakujaliwa mtoto. Katika kazi zake zote, ni hii moja iliyopata okestra.

"Shemeji," mdogo wa marehemu alisema, "maiti si nguo ya mteja, uiweke kabatini mpaka mwenyewe aje kuichukua."

"Najua."

"Ndugu wakijua je?"

"Watanisema. Si mara ya kwanza."

Shemeji alivuta kiti kando ya kitanda. "Kukaa naye nitakaa. Lakini kusema uongo, hapana. Nikiulizwa, nasema."

Jioni fundi alivaa gauni lake la heshima akaenda. Mkurugenzi wa Mfuko, mwanamume mchangamfu mwenye ua kifuani, alimpokea mlangoni.

"Mama, mgonjwa wetu je?"

"Yuko kitandani."

"Basi tumemwandalia jambo! Kazi yake ikiisha tu, nampigia simu kutoka jukwaani. Ukumbi mzima umsikie. Si tunasherehekea walio hai?"

Fundi alitabasamu, akatoka mpaka kwenye korido ya vyoo, akapiga simu ya mumewe. Shemeji akapokea.

"Izime simu hiyo. Watapiga kutoka jukwaani."

"Siizimi."

"Shemeji, wataifuta rekodi ya kazi yake. Haitasikika tena popote."

"Nimekaa na maiti mchana kutwa. Majirani wanagonga, nawaambia rudini baadaye. Nimechoka kumlinda ndugu yangu kama mwizi. Wapige, nitawajibu." Akakata.

Utunzi wa Mwalimu ulipigwa baada ya hotuba. Fidla zilianza, chelo za sauti nzito zikaingia chini yake, filimbi zikafuata. Fundi alizijua sauti zote hizo, maana alizisikia moja moja jikoni kwake kwa miaka. Alikuwa amesubiri sana kuzisikia pamoja. Lakini macho yake yalikuwa kwenye simu iliyokuwa mkononi mwa mkurugenzi, na masikio yakawa hayafanyi kazi. Makofi yalipolipuka alishtuka. Hakujua kwamba muziki umekwisha.

Mlio wa simu ukasikika kwenye vipaza sauti. Mara moja. Mara mbili. Ikapokelewa.

"Mwalimu! Tupo na wewe ukumbini! Umetusikia?"

Ikasikika pumzi tu. Mkurugenzi akaitikisa simu kidogo. Fundi alifumba macho.

"Nimewasikia," sauti ilisema.

Sauti za ndugu wale zilifanana mno. Kwenye simu hata fundi alikuwa akizichanganya. Hii ilikuwa nzito, imekwaruza, sauti ya mtu mgonjwa.

"Zile fidla... zimenitoa machozi. Asanteni sana. Mke wangu yupo hapo?"

"Yupo, yupo!"

"Mwambieni arudi nyumbani."

Ukumbi ulicheka, ukasimama, ukashangilia. Mwanamke mmoja alimkumbatia fundi na kumwambia ana bahati ya kupendwa.

Nyumbani alimkuta shemeji ameketi sakafuni mbele ya mlango wa chumba. Hakumtazama.

"Umenifanya niseme kwa kinywa cha kaka yangu," alisema. "Hilo sitakusamehe."

"Usinisamehe."

"Redio sikuifungua. Ulikuwaje, huo muziki?"

Fundi alivua viatu vyake. "Sikuusikia."

Jirani wa mlango wa pili akagonga tena. Safari hii shemeji alimfungulia. Jirani alikuwa mwanamke aliyewahi kuuguza watu wengi. Aliwatazama nyuso, akaelewa.

"Jamani! Saa ngapi?"

Shemeji alimgeukia fundi, naye fundi akatazama chini.

"Sasa hivi," shemeji alijibu. "Sasa hivi tu."

Jirani aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wa Mwalimu. Ulikuwa wa baridi na umekakamaa. Aliuachia polepole, akawatazama wote wawili, kisha, bila kuuliza tena, akaanza kuwaita watu.