Alinikataza Kulitaja Jina Lake Kwenye Kaseti

Mkono wa kulia wa Mama Njiku umebaki na gumba na kidole cha mwisho. Vile vya katikati vilipondwa juu ya jiwe lake mwenyewe la kusagia uwele, mchana kweupe, watu wakiona. Aliyeshika jiwe ni mwingine. Aliyemfikisha pale ni mimi!

Jamani, nimekaa na jambo hili mpaka nimeota mvi. Majina yote humu nimeyabadili, na langu nimelificha. Najua ni aibu, kwa sababu yule mama naye aliniomba hivyo hivyo, nimfichie jina. Nikashindwa.

Niwaeleze tangu mwanzo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na vitu vikaanza kupatikana madukani bila watu kupanga foleni. Singida mjini, kila mwenye ndugu Dar alianza kuonekana na redio kaseti begani. Mimi nilikuwa kijana, naishi Utemini, nina meza ya kaseti pembeni ya soko. Kwetu tuliongea Kiswahili tu, maana baba alihamia na biashara ya nguo kutoka pwani. Kinyaturu nilijua cha kusalimia na cha kuombea bei ipunguzwe.

Tulikuwa watatu, wagonjwa wa muziki. Shabani alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno mengi. Ntandu alikuwa fundi baiskeli, Mnyaturu wa upande wa Ikungi, mtu wa kusikiliza. Wa tatu mimi. Kila Jumapili alasiri tulikutana nyuma ya duka la Shabani, kila mmoja na wimbo ambao wenzake hawajawahi kuusikia. Ukiupiga na hakuna aliyeinua mkono kusema "naujua", unakalia kiti cha kukunja. Wengine wanakaa kwenye ndoo.

Kiti chenyewe kilikuwa kimechanika kitambaa! Lakini nilikitamani kuliko ninavyoweza kueleza. Bolingo zote Shabani alizijua. Taarab za zamani alizijua. Nikileta kitu, mkono juu: "Naujua huo, lete mwingine." Nimekaa kwenye ndoo wiki baada ya wiki, na wateja wakipita wananiona.

Ndipo nikaanza kubeba redio yangu ninapokwenda minadani kuuza kaseti.

Siku moja nilitoka mnadani upande wa Ikungi, kiu imenibana, nikaingia kwenye boma la kwanza kuomba maji. Kabla sijabisha hodi nikasikia sauti. Mwanamke alikuwa amepiga magoti anasaga uwele kwa jiwe, kwa kuwa mashine ya kijiji ilikuwa imekatika mkanda. Jiwe linakwenda na kurudi, na sauti yake inaingia pale pale jiwe linapogeuka. Haikuwa nzuri kama ya redioni. Ilikuwa imekwaruza. Lakini nywele zilinisimama!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Maji yako mtungini, jichotee. Mikono yangu ina unga."

Nikanywa. Nikamwomba aimbe tena, nimrekodi. Akaitazama redio.

"Hilo linameza sauti?"

"Linameza na kuitapika, mama. Utajisikia mwenyewe."

Akacheka. "Siku zote naliimbia jiwe," akasema. "Haya, hilo lako limeze. Ila lisitapike jina langu, wala la kijiji hiki. Umesikia, mwanangu?"

"Wallahi, sitakutaja."

Niliapa! Hakuna aliyenilazimisha.

Akaimba kwa Kinyaturu mpaka uwele ukaisha. Nilipomrudishia sauti yake akajifunika mdomo kwa kanga, machozi yakamtoka. Nilidhani ni furaha. Nikaondoka, sikumuuliza wimbo unasema nini. Niliuliza jina lake kwa jirani, kwa sababu mimi ni mtu wa mpangilio. Kila kaseti yangu ilikuwa na jina la mwimbaji na mahali atokako.

Jumapili nikaupiga. Shabani alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake haukuinuka. Kisha akaanza kucheka.

"Bwana mdogo, huo umeutoa redioni, kipindi cha ngoma za mikoani. Umekwangua mawe pembeni ili tuone umetoka shamba!"

"Nimeurekodi mwenyewe."

"Kwa nani?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi kusema!" Akawageukia wateja waliokuwa wakingoja suruali zao. "Mmemsikia? Ana mwimbaji wa siri! Rudi kwenye ndoo, mwanangu, acha kutudanganya."

Watu wakacheka. Damu ikanipanda. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikasema mbele yao wote, kwa sauti ya mtangazaji: mwimbaji ni Mama Njiku, mjane, wa kijiji fulani (nikakitaja), upande wa Ikungi. Maneno yale nikayaweka mwanzoni mwa kaseti, kabla ya wimbo.

Wakanipigia makofi! Nikakalia kiti.

Ntandu hakupiga makofi. Aliacha chai yake haijafika nusu, akaondoka. Nilimwona. Sikuuliza.

Kesho yake akaja kwenye meza yangu. "Unajua yule mama anasema nini?"

"Anasaga, anaimba."

"Anasaga, ndiyo. Sikiliza. Anasema mume wake hakufia Itigi akitafuta malisho, kama ukoo ulivyotangaza. Anasema ng'ombe walirudi na mdogo wa mume, ameshika fimbo ya kaka yake. Anasema asubuhi hiyo zizi lilihamishiwa mahali papya, na chini ya samadi yake kuna mtu amelala. Na huyo shemeji anamtaja kwa jina, Mughenyi. Mimi namjua. Futa lile jina la mama, ndugu yangu. Leo."

"Nitafuta," nikamjibu.

Sikufuta! Ningefuta, Shabani angesema nilidanganya tangu mwanzo. Tena tayari nilishatoa kopi mbili, moja ya Ntandu na moja ya Shabani, na Shabani alishatoa nyingine akampa dereva wa lori. Nikajiambia ni wimbo tu, nani atausikiliza.

Mnada uliofuata nilikuwa nimepanga kaseti zangu kama kawaida. Meza chache kutoka kwangu, muuza mitumba mmoja alifungua spika zake kwa betri ya gari kuvuta wateja. Nikasikia sauti yangu mwenyewe. "Mwimbaji ni Mama Njiku, mjane..."

Mwanzoni vijana walicheka, maana ni nani anapiga wimbo wa kusagia mnadani? Kisha nikaona wazee wameacha kuongea. Mwanamke aliyekuwa anapima dengu alishika kopo hewani asilimimine. Halafu vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kuelekea walipofungwa maksai. Pale alisimama mwanamume mrefu, shuka begani. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

Mughenyi hakupiga kelele. Alikuja moja kwa moja, akaipiga teke betri, akaivunja spika kwa fimbo. Muuza mitumba alipomshika, akampiga fimbo ya uso, ya shingo, ya uso tena, mpaka yule kijana akaangukia nguo zake na damu ikalowesha mashati. Akaitoa kaseti, akaikanyaga, akavuta utepe wote nje kama mtu anayetoa matumbo ya kuku. Kisha akaenda, hakukimbia, alitembea kwa haraka.

Mtu mmoja akasema, "Anakwenda kwa mjane."

Hapa ndipo penye dhambi yangu kubwa, ndugu zangu. Nilikuwa na miguu. Nilikuwa na baiskeli! Lakini kwanza nilifunga kaseti zangu. Bolingo upande huu wa boksi, taarab upande ule, nikafunga na kamba. Hata kopi ile niliyokuwa nayo niliificha chini kabisa. Ndipo nikaondoka.

Nilipofika, watu walikuwa wamesimama nje ya ua wa miba, hakuna anayeingia. Mama Njiku alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe. Shemeji yake amemkamata kifundo cha mkono, amemlaza kiganja juu ya uwele.

"Saga!" alikuwa anasema. "Si unajua kusaga? Nisage na mimi! Liimbe tena jina langu!"

Mama akasema kitu kwa Kinyaturu, polepole. Mughenyi akainua lile jiwe dogo la juu, akalishusha. Akaliinua tena. Ile sauti siwezi kuiandika. Unga ukawa mwekundu.

Nikapiga kelele: "Mwache! Mwache mama wa watu!"

Akageuka. Akanitazama kama mtu anayekumbuka kitu.

"Ni wewe," akasema. "Hii ndiyo sauti ya kwenye spika!"

Fimbo ilinipata sikio la kushoto. Nilisikia mlio kama wa redio iliyokosa stesheni, kisha sikusikia kitu upande ule, na mpaka leo sisikii. Nilianguka, akanipiga mbavu na mgongo. Ndipo sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaingia, wakamwangusha, wakamfunga kamba ya ng'ombe, wakampiga kwa fimbo yake mwenyewe mpaka ikakatika. Hata alipokuwa chini walimpiga kwa miguu. Mama Njiku alikuwa ameukumbatia mkono kifuani, anatazama, halii.

Mnadhani nilijifunza? Ngoja.

Nilirudi mjini nimefungwa bandeji kichwani. Askari walikuwa wameanza kuuliza, na nilichowaza mimi ni kwamba sauti ya kwenye kaseti ni yangu. Nikachukua kopi ya Shabani. Alinipa bila utani wowote. Nikaenda kwa Ntandu.

"Usiichome," akaniambia. "Huo ndio ushahidi pekee alionao yule mama."

"Ushahidi wa kunifunga mimi! Basi kaa nayo, uipeleke wewe."

Ntandu akaingia ndani kuichukua. Mke wake alitoka ukoo ule ule wa Mughenyi. Akanipa.

Nikazichoma zote nyuma ya jiko, pamoja na yangu. Askari alipofika alikuwa mtu wa kuuliza vizuri. "Wanakijiji wanasema ugomvi uliletwa na wimbo, lakini hakuna anayekumbuka ulisemaje. Na iliyopigwa mnadani imeharibiwa. Wewe unauza kaseti. Unayo nyingine?"

"Hapana, afande. Hata sijui ni wimbo gani. Mimi nilipita tu nikaona mama anapigwa."

Akaandika hivyo. Mughenyi akafungwa kwa ajili ya mkono tu. Habari ya mume hakuna aliyeigusa.

Miaka ikapita. Mama Njiku alihamia Manyoni kwa binti yake, nikamfuata kumwomba radhi. Nilimkuta anachambua mchele kwa mkono wa kushoto. Nilipiga magoti, nikaeleza yote. Alinisikiliza, kisha akauliza:

"Ile iliyomeza sauti yangu, umekuja nayo?"

"Niliichoma, mama."

Hapo tu ndipo nilipomwona akikasirika.

"Unadhani nilikupa wimbo ule ukauchezee mjini? Mimi siwezi kwenda polisi, kijiji kizima ni shemeji zangu, ningelala wapi? Nikasema huyu si wa kwetu, ana kitu kinachobeba maneno, ayapeleke mbali, siku moja yatamfikia mtu mwenye jembe. Jina langu tu ndilo nilikukataza. Wewe ukalitoa jina, ukachoma maneno!"

"Imba tena, mama. Nitarekodi upya. Safari hii nitayapeleka mwenyewe."

Akanyoosha ule mkono, gumba na kidole cha mwisho. "Bila jiwe wimbo hauji," akasema. "Nimejaribu. Hauji." Akarudi kwenye mchele wake.

Ninyi vijana mnaorushiana nyimbo kwenye simu, mkishindana nani kapata ambayo wenzake hawana, naomba mnisikilize. Ulizeni maneno kabla ya kusifu sauti. Mtu akikwambia usimtaje, kufa na jina lake! Na akikukabidhi neno zito, usilichome ili ngozi yako ipone. Mimi nina sikio moja la kusikilizia muziki, na hata hilo silifurahii.

Kopi ya dereva wa lori, ile muuza mitumba aliyonakilia yake, bado naitafuta. Nimeuliza Itigi, nimeuliza Manyoni, nimepanda mpaka Kilimatinde kwa mzee mmoja niliyeambiwa ana kaseti za zamani. Hakuwa nayo. Wengine wanasema yule dereva alirekodia bolingo juu yake.

Mughenyi alimaliza kifungo, akarudi nyumbani. Mwaka huu nilipita barabara ile wakati wa mavuno. Pale lilipokuwa zizi lile la kwenye wimbo amelima alizeti, na zimestawi kuliko za majirani wote. Hakuna aliyewahi kuchimba.