Damu Iliyorudi

Mama mkubwa, dada yake mama, aliyenilea pale Bagamoyo, hakujaliwa mtoto. Siku zake zilikwisha kukoma zamani, mvi zimemwingia hadi kwenye nyusi, basi mwezi wa Rajabu damu ikarudi. Nyumba nzima ilifurahi! Kungwi wa mtaa wetu, bibi aliyetufunda sote, alicheka hadi akashika ubavu.

"Usichana umerudi, mwanangu! Mwambie mumeo akununulie doti mpya kabla wengine hawajaleta posa."

"Hebu niache, bibi," akasema mama mkubwa, lakini aliona haya kama mwari, na jioni akajifukiza udi.

Mimi nilifurahi kupita wote. Shule nilisoma kidogo tu, ila kwa kuota ndoto nilikuwa bingwa. Mtoto atakayezaliwa nilikwisha kumpangia kazi: karani wa forodha, mwenye saa mfukoni.

Shaabani ikapita, damu haikukatika. Ramadhani ikaingia, mama mkubwa akawa anakula mchana jikoni, kwa kujificha, kama mwanamke yeyote aliye katika hedhi. Mimi nilimchotea maji ya kufulia vitambaa vyake. Vilikuwa na harufu ya samaki aliyelala. Nikajiambia, joto hilo. Kisha akaanza kushika kiuno kila anapoinuka.

Mwalimu wetu wa chuoni, mwanamke aliyetusomesha Kurani, alikuja kumjulia hali akamkuta anakula.

"Tangu lini?"

"Rajabu."

"Basi hiyo si hedhi, ni damu ya maradhi. Oga, usali, na kesho uende hospitali."

"Wewe unajua vitabu," kungwi akamkata, "mimi nawajua wanawake. Akavuliwe nguo na daktari mwanamume, wamharibu kizazi kabla hajapata mtoto?"

Mama mkubwa akamtazama huyu, akamtazama yule. Akachagua mtoto.

Tulimpeleka baada ya Idi, alipoanguka uani. Na aliyempima kwanza alikuwa nesi mwanamke, nyuma ya pazia, taratibu, huku akimwomba radhi. Daktari alipokuja alinieleza mimi, maana mama mkubwa alikuwa ameugeukia ukuta.

"Mwanamke akishakoma siku zake, hata tone moja likirudi, aje. Asingoje maumivu. Hiki ni kidonda cha saratani kwenye kizazi, na kimekwisha kuenea."

Nyumbani tulimkuta kungwi barazani.

"Wamesemaje?"

"Wamesema nimechelewa," akajibu mama mkubwa.

"Umechelewa kuzaa?"

Mama mkubwa akapita ndani. Ikabidi nimjibu mimi, mtoto aliyemfunda mwenyewe juzi juzi tu.

"Kwenda hospitali, bibi. Hakuna mtoto."

Kungwi akavua makubadhi yake, akaingia chumbani kwa mgonjwa. Tangu siku ile hakukubali mtu mwingine amguse wala amwogeshe, hata mimi, mpaka asubuhi walipokuja waosha maiti wakamwomba awapishe.